Lori Lisilopoa

Mama yangu alikataa kuitwa mjane. Ukiteleza ulimi ukamwita hivyo, alikukazia macho na kukuuliza, "Mjane wa nani? Lori la bwana yangu bado lina moto." Na lilikuwa na moto kweli. Nimeligusa kwa mkono wangu.

Nianze na baba. Alikuwa dereva wa mzungu mmoja mwenye shamba kubwa Ndabibi, magharibi ya ziwa la Naivasha, pale nchi inapoanza kupanda kuelekea Eburru. Sisi ni Waluhya, watu wa magharibi. Baba alikuja Bonde la Ufa kutafuta kazi, akamleta mama, na mimi na kaka yangu tukazaliwa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi. Gari alilokabidhiwa lilikuwa lori la kijeshi lililobaki baada ya vita, rangi ya nyasi kavu, fupi, nene, magurudumu yake yote manne yakisukuma. Lilipanda mahali ambapo ng'ombe walipiga magoti. Baba alilipenda kuliko alivyotupenda sisi, na hatukumlaumu. Hata sisi tulilipenda.

Muda mfupi kabla ya uhuru alitumwa Eburru kupeleka nguzo za ua. Hakurudi. Asubuhi yake mnyapara na watu wake walilikuta lori limesimama katika kibonde, katikati ya vichaka vya leleshwa, mlango wa dereva uko wazi, gurudumu moja la nyuma limezama kidogo katika ule udongo wa majivu ya volkano ambao huko umejaa kila mahali. Mnyapara aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na moto. Akasema dereva hayuko mbali, wakaketi kumngoja. Waliketi mpaka jua likawa utosini, na boneti haikupoa. Walirudi kesho yake, bado haijapoa. Siku hiyo ya pili hakuna aliyeketi.

Mzungu alileta polisi na mbwa. Mbwa walifika karibu na lori, wakalala chini, wakaanza kulia kama watoto. Akaleta ng'ombe wa kulikokota. Ng'ombe walikanyaga ile ardhi wakawa wanainua mguu mmoja baada ya mwingine, kisha wakageuka wenyewe na minyororo yao, wakashuka nyumbani. Mzungu alikuwa tayari anafunga mizigo aondoke Kenya, na hakuwa na hamu ya kushindana na gari. Akaliacha.

Najua kuna msomaji ameshaanza kutabasamu. Tabasamu tu. Mimi pia najua kwamba Eburru ni mlima wenye moto tumboni, kwamba iko mianya inayotoa mvuke, na kwamba watu wa huko hutega mabomba juu yake wapate maji ya kunywa. Msinifundishe. Lakini kibonde kile hakikutoa mvuke kabla ya siku baba alipoegesha lori pale, na mtu anayejua sababu ya jambo bado anaweza kuliogopa. Asubuhi za baridi ungeona bomba la moshi la lori likitoa pumzi nyembamba, likisita, likitoa tena. Kioo cha mbele kilishika ukungu kwa ndani, ukungu wa kuja na kuondoka, na ulikuja upande wa dereva tu. Ndege hawakutua juu yake. Mimi nikiwa kijana nilisimama pale mara nyingi, nikimngoja baba atoke vichakani akifunga mkanda wa suruali, atuulize tunatazama nini.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima nilieleze, la sivyo hutamwelewa mama. Kwetu, zamani hizo, mtu ambaye maiti yake haijaonekana haliliwi. Asipoliliwa hakuna matanga, na bila matanga mke wake harithiwi. Na mrithi alikuwepo. Ni mdogo wake baba, baba yetu mdogo, aliyebaki nyumbani magharibi. Alikuwa mtu wa heshima. Hakupaza sauti hata siku moja. Alivaa kofia safi na kuongea polepole, utadhani anamnong'onezea mgonjwa. Tayari alikuwa amemrithi mjane wa binamu yake. Mama alimjua yule mwanamke tangu zamani, akasema alikuwa mnene wa kucheka mpaka machozi. Mimi nilimwona tulipokwenda kusalimia, nikiwa mdogo. Alikuwa mwembamba, anatembea akiambaa ukuta, na baba mdogo alipokohoa nje ya jiko, sufuria aliyoishika ilianza kutetema kifuniko. Mama aliona. Alinishika mkono akanitoa mle jikoni.

Basi baada ya baba kupotea, baba mdogo alikuja Ndabibi kila mwaka. Alikunywa chai, akafuta mdomo, akauliza kwa upole, "Shemeji, bado?" Mama alimpeleka hadi kwenye lori na kumwambia, "Gusa." Aligusa, akarudi magharibi peke yake. Wazee wa kwetu wenyewe walikuwa wameamua hivyo: hakuna atakayemlilia mtu ambaye gari lake lina moto. Ngojeni lipoe, walisema. Kwa hiyo maisha ya mama yalishikiliwa na boneti ya lori, na sote tulijua hivyo.

Uhuru ulipokuja shamba likagawanywa. Kaka yangu alipata kipande cha juu kabisa. Mama ndiye aliyekichagua, wakati watu wote walikuwa wakigombania vipande vya chini, karibu na maji. Walimwita mwendawazimu. Lori lilikuwa ndani ya kipande hicho. Mimi nilikuwa nimekwenda Nakuru, nikajifunza kuchomelea vyuma katika gereji ya Singasinga mmoja mwenye matusi mengi na mikono ya baraka, halafu nikafungua kibanda changu katika mtaa wa Bondeni.

Hapo ndipo kaka aliponikuta, kiangazi kimoja, mwishoni mwa miaka ya sitini. Aliketi juu ya tairi kuukuu, akaweka kofia gotini.

"Kabichi zangu zinaozea shambani," alisema. "Pareto inaharibikia ghalani. Lori ninalo nyumbani, na ndugu fundi ninaye. Sasa nimekosa nini?"

"Akili," nilimwambia.

Kwa kawaida angenirudishia. Siku hiyo hakucheka. "Baba mdogo naye anasema tulitengeneze. Ameshaongea na jirani mwenye trekta alivute. Wewe ukisema linafaa, linatoka."

"Ehe. Baba mdogo tangu lini amekuwa na uchungu na kabichi zako?"

"Sijui. Lakini trekta ni trekta."

"Na mama anasemaje?"

"Anasema siku lori litakapotoka pale, yeye ni mjane." Alikwaruza tairi kwa ukucha kwa muda mrefu. "Ndugu yangu, mimi sitaki kumfanya mjane. Ninachotaka ni kwamba baba akirudi, alikute gari lake linatembea."

Kaka alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, na alisema maneno hayo bila kupepesa. Nilitaka kumkaripia. Sikuweza, kwa sababu mimi mwenyewe, ninayewacheka watu wa mapepo tangu asubuhi hadi jioni, nilikuwa bado nageuza shingo kila niliposikia injini ya aina ile ikipita barabarani. Nikachukua nyundo yangu ndogo, tukaondoka.

Nieleze nyundo. Fundi anayeulizwa kama gari la kutu linafaa hatazami kutu, maana kutu ni ngozi tu. Chini ya lori kuna chesisi, vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu, uti wa mgongo wake. Unaingia chini na nyundo, unagonga kutoka mbele hadi nyuma, unasikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hunyamaza. Ukimya ukizidi mlio, unamwambia mwenye gari kwamba la kuvunda halina ubani, auze vyuma chakavu. Ni kazi ya masikio, na Singasinga alikuwa akinipiga kofi nikigonga huku naongea.

Tulifika asubuhi, ukungu haujainuka. Baba mdogo alikuwa ameshawasili, ameketi kwenye kiti cha mama, nje ya nyumba ya mama, kofia yake kichwani. Trekta la jirani lilikuwa limeegeshwa njiani chini.

"Fundi wetu huyo," alisema. "Umekuja na dawa ya lori?"

"Nimekuja na nyundo, baba mdogo."

"Nyundo pia ni dawa." Akamgeukia mama, aliyekuwa akimimina chai. "Shemeji, ukubali tu. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Lake lipo," mama alisema. "Twendeni mkaligonge hilo lake."

Tulitembea hadi kwenye kibonde. Mahali pengine nyasi zilikuwa na umande mweupe wa baridi, lakini pale zilikuwa mbichi, kijani, ndefu, zimelala upande mmoja. Lori lilikuwa limekwisha kwa macho. Milango imetoboka ungeweza kupitisha kichwa. Mbao za nyuma zimeliwa, mabati ya kando yamejikunja, na majani ya leleshwa yameingia hadi kwenye kiti cha abiria. Kwenye kiti cha dereva hayakuingia. Niliweka kiganja juu ya boneti, ikawa na joto kama ubavu wa ng'ombe aliyeinuka sasa hivi. Baba mdogo aliniangalia nilivyoutoa mkono. Sijui alitaka kuona nini usoni mwangu.

Kaka alivua koti aingie nami. Mama akamzuia.

"Wanaume wawili chini ya gari wanatafuta nini? Aingie fundi peke yake."

Kulikuwa na njia moja tu ya kuingia, upande wa dereva. Upande ule mwingine lori liliegemea ukingo wa kibonde, na mbele na nyuma leleshwa ilikuwa imefunga uvungu. Nililala chali, nikajisukuma ndani kwa visigino.

Nikagonga chuma cha mbele. Kililia. Nikafurahi, siwezi kuficha. Nilisogea, nikagonga tena, kikalia safi kabisa. Nilipokwaruza kwa kidole nilielewa. Injini ilikuwa imevuja mafuta miaka na miaka, yale mafuta mazito yakatambaa juu ya chesisi yote ya mbele na kuigandia, kutu ikakosa pa kuingilia. Nilikuwa nimeshaanza hesabu za fundi kichwani: nyuma nakata, naunganisha vyuma viwili vipya, naweka mbao, injini naifungua taratibu. Lilikuwa linafaa. Nasema hivi leo kama nilivyolijua siku ile, lori lile lilikuwa linafaa kabisa. Nilimwona baba akilipanda.

Kadiri nilivyosogea nyuma joto liliongezeka. Harufu ya mayai viza ilinishika koo. Mvuke ulikuwa ukitoka chini mgongoni kwangu, ukilowesha shati, kwa pumzi zile zile nilizokuwa nikiziona nikiwa kijana, unatoka, unasita. Niligeuka kifudifudi niukwepe. Ndipo nikaona ardhi.

Chini ya ekseli ya nyuma nchi ilikuwa imepasuka. Mpasuko ulikuwa mrefu kama mtu mzima aliyelala, na ulikuwa umejazwa udongo. Sasa sikiliza. Udongo wa huko wote ni wa kijivu, uchimbe popote, ni majivu matupu hadi chini. Udongo huu ulikuwa mwekundu. Ulikuwa umeshindiliwa vizuri, ukasawazishwa juu, na juu yake kulikuwa na alama za viganja. Alama mbichi, vidole vyote vinaonekana, zimejaa maji ya mvuke.

Jambo la kwanza lililonijia, nalisema kama lilivyokuja, ni kwamba mikono ile ilisukuma kutoka chini.

Shavu langu lilikuwa karibu kabisa na ule udongo, na ni harufu iliyonirudisha. Chini ya ule uvundo wa mayai kulikuwa na harufu nyingine niliyoijua, ya mvua ya nyumbani. Ulikuwa udongo wa magharibi, ule unaoshika kwenye visigino hata mtu akisugua kwa jiwe. Mama alikuwa akienda magharibi kila Krismasi kwa gari la moshi kumsalimia nyanya. Wenzake walirudi na ndizi na samaki wakavu, yeye alirudi na kifurushi cha udongo kichwani. Alisema ni wa kukandikia jiko. Tulimcheka sana. Nilipokuwa pale chini nikajiuliza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza, kwa nini jiko letu halikuwahi kuwa jekundu.

Pembeni, mahali udongo ulipokuwa umedidimia, ilionekana soli ya kiatu. Kiatu cha kazi, misumari yake imeota kutu.

Mkono wangu uligonga tena. Sikuuamuru, ulikuwa umezoea tu. Ekseli ikalia juu ya kaburi, mlio mrefu, na nikaona miguu ya mama imekuja kusimama kando ya gurudumu, karibu na kichwa changu. Alichuchumaa. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya jikoni, ya kumwambia mtu asimwamshe mtoto.

"Usigonge hapo, mwanangu. Umefika alipo."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa mvuke. Huzuni ilikuwa inakuja, niliisikia kifuani, na pamoja nayo hasira, hasira kali ya mtu aliyegeuza shingo barabarani miaka yote hiyo bure. Na papo hapo, kutoka mbele ya lori, ikaja ile sauti nyingine ya upole.

"Vipi, fundi? Linafaa?"

Nilijua anachouliza. Hakuwa akiuliza habari ya kabichi. Trekta lingevuta, lori lingetoka, mtu yeyote mwenye macho angeona udongo mwekundu na kiatu, na kabla ya mwezi kwisha mama yangu angekuwa anaambaa ukuta. Pia nilijua kwamba kaka amesimama hapo hapo, mkono juu ya boneti, akisali niseme ndiyo.

Nikajisogeza hadi mkia wa chesisi, mahali palipooza kweli, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Nyundo ikapenya. Kutu ikamwagika usoni mwangu.

"Limekwisha," nilisema. "Limeoza hadi uti wa mgongo."

Baba mdogo akasema, "Ajabu. Mbele nimesikia likilia vizuri."

Alikuwa na masikio, yule mtu. "Iliyolia ni injini," nilimjibu. "Injini hulia hata ikiwa maiti."

Neno lilinitoka kabla sijalishika. Nilisikia anamwambia kaka, "Nishikie kofia, nikaone mwenyewe," halafu viatu vyake vikaja polepole vikizunguka mbele ya lori, vikisaga nyasi.

Mama aliketi chini. Aliketi palepale kwenye ile njia moja ya kuingilia, akatandaza miguu yake yote miwili mbele yake, akavuta gauni hadi kwenye vifundo, akatulia kama mwanamke anayeota jua. Kwetu mwanamume haruki miguu ya mke wa ndugu yake. Akiruka amejitia nuksi yeye na nyumba yake, na hakuna mzee atakayekaa naye tena kula. Viatu vilisimama mbele ya nyayo za mama.

"Shemeji, hebu kusanya miguu."

"Miguu inaniuma," mama alisema. "Kusanya wewe macho yako. Fundi amesema limeoza."

"Nataka kuona tu."

"Gusa boneti, kama kawaida yako. Imepoa?"

Mimi nilikuwa nimelala kati yao na baba. Mvuke ulitoka, ukasita. Sitaki kudai jambo nisilolijua, lakini wakati ule ulisita muda mrefu kuliko mara zote, na nilijikuta nimebana pumzi pamoja nao. Kisha ukatoka. Nilisikia kiganja kikiwekwa juu ya boneti, kikaondolewa haraka.

"Haya," baba mdogo alisema. "Tutangoja lipoe."

Akavaa kofia yake. Kaka akamsindikiza chini hadi kwenye trekta, kwa sababu mgeni husindikizwa hata kama humpendi. Baba mdogo alirudi mwaka uliofuata na mingine iliyofuata, akagusa, mpaka uzee ukamkataza safari. Hakulikuta limepoa.

Nilipotoka mama alinipangusa kutu usoni kwa ncha ya leso yake. Alipangusa kwa nguvu, kama nilipokuwa mtoto mwenye makamasi.

"Alitambaa achimbe gurudumu, nchi ikamfungukia," alisema. "Nilimkuta kabla ya mbwa wa polisi. Nilikuwa nimemletea chakula. Ukitazama kutoka nje huoni kitu, na wao waliogopa kuingia."

"Mbona hukutuambia?" Nilikuwa napayuka, akaniwekea kidole mdomoni.

"Mngelia. Mtoto hajui kulia kimya. Mtu mmoja angesikia kwenye laini, na yule mwenye kofia angefika na gari la moshi la kesho yake." Alitazama chini ya lori. "Mtu wa kwetu hazikwi ugenini, najua. Sikuwa na njia ya kumpeleka nyumbani. Nikamletea nyumbani kidogo kidogo."

Nilitaka kuangua kilio pale pale. Aliona, akanishika kidevu.

"Bado. Kaka yako anapanda. Na yeye usimwambie, uso wake hauna mlango."

Ni kweli, uso wa kaka haukuweza kuficha hata mzaha. Nilimeza. Sijui kama umewahi kumeza kitu cha namna hiyo. Kinashuka na kucha zake.

Kaka alinisindikiza hadi barabara kuu, akinibebea nyundo. Hakunilaumu. Njia nzima alikuwa akinieleza atakavyotafuta punda wa kubebea kabichi, na kwamba punda ana faida zake, hanywi petroli. Tulipokuwa tukingoja gari la Nakuru akaniuliza macho yangu yana nini.

"Kutu imeingia," nilisema.

"Pole." Akanirudishia nyundo. "Usijilaumu, ndugu yangu. Baba akirudi tutamwambia tulijaribu."

Niliondoka nikamwacha amesimama barabarani.

Bondeni nililia siku nyingi, mchana kweupe, nikiwa kazini, mbele ya wateja. Macho yalivimba yakawa mekundu, na fundi wa kuchomelea mwenye macho mekundu haulizwi kitu, maana mwanga wa kuchomelea huunguza macho. Kila aliyepita alisimama akaniambia pole, na mimi niliitikia asante, nikizipokea moja moja, kwa sababu matanga mengine ya baba hayangekuwapo. Kaka yangu hakupata hata pole hizo.